Usaili wa ualimu wa Hisabati: namna ya kujiandaa na mtihani wa maandishi ukiwa Mwanza

Likitoka tu tangazo la Sekretarieti ya Ajira, maswali huanza kumiminika, na ni yale yale. Mtihani unatoka wapi? Nisome vitabu vya chuo au vya kidato? Kikokotoo kinaruhusiwa? Niko Nansio kule Ukerewe, nifike mjini lini? Nimeamua kuyajibu yote kwa pamoja. Soma hapa kwanza, kisha uulize ambalo halimo.

Mwongozo huu ni wa mhitimu wa diploma au shahada ya ualimu, aliyesomea Hisabati, anayesubiri usaili wa serikali kwa nafasi ya Mwalimu Daraja la III B au III C. Anayejiandaa na mtihani wa mwisho wa chuo, pale Butimba au kwingineko, naye atapata chake, ila sehemu ya nyaraka na safari airuke.

Nianze na jambo linalowaudhi wenye shahada. Mtihani huu unakupima kama unafaa kuingia darasani kufundisha watoto wa sekondari, kwa hiyo kinachowaangusha watu si kalkulasi ya mwaka wa tatu. Ni sehemu, asilimia, logi na namba hasi. Umekaa miaka mitatu unatumia kikokotoo, mkono umesahau. Ukiambiwa uzitoe hesabu hizo kwa kalamu, na zaidi ya hapo ueleze kwa nini mtoto amekosea, unagundua kwamba ulikuwa unajua jibu tu. Kwa hiyo soma kuelekea chini, usisome kuelekea juu.

Kabla ya kuanza: vitu vya kuwa navyo

- Muhtasari wa somo la Hisabati, wa zamani na ule mpya. Mtaala ulioboreshwa ulianzia Kidato cha Kwanza na unapanda darasa moja kila mwaka, kwa hiyo kuna kipindi yote miwili inatumika kwa pamoja. Ijue yote.
- Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania, Kidato cha Kwanza hadi cha Nne. Vinasomeka bure kwenye maktaba mtandao ya taasisi hiyo. Asiye na bando aende Maktaba ya Mkoa pale mjini, au aazime kwa mwalimu wa shule ya kata iliyo jirani. Walimu wa Hisabati hawana choyo na vitabu, ila rudisha.
- Mitihani ya Kidato cha Nne ya Baraza la Mitihani ya miaka mitano hivi, pamoja na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa ambazo Baraza huziweka kwenye tovuti yake. Hizi taarifa wengi hawazijui, na ndizo dhahabu yenyewe. Nitazirudia kwenye hatua ya tano.
- Kitabu cha majedwali ya logi, mkebe wa jiometri, kaunta buku mbili na kalamu nyekundu moja.
- Akaunti ya Ajira Portal, yaani mfumo wa mtandaoni wa kuombea kazi, inayofunguka, na nywila unayoikumbuka wewe mwenyewe, si ile aliyoiweka kijana wa steshenari siku ya kuomba.

Muda? Mtu anayesoma saa mbili kila siku kwa wiki sita anakuwa amejiweka sawa. Usingoje kuitwa ndipo uanze, kwa maana kati ya majina kutoka na siku ya usaili nafasi huwa finyu. Siku uliyobonyeza kitufe cha kutuma maombi ndiyo siku ya kwanza ya kusoma.

Hatua ya 1: Fanya mtihani kabla hujasoma chochote

Chukua mtihani mmoja wa Kidato cha Nne wa Hisabati ya msingi. Una maswali 14: kumi ya sehemu A yenye alama 6 kila moja, na manne ya sehemu B yenye alama 10 kila moja. Kaa saa tatu. Hakuna kikokotoo, kwa sababu hata watoto hawaruhusiwi nacho kwenye mtihani huo. Wanapewa majedwali tu. Hakuna simu, hakuna chai.

Ukimaliza, sahihisha kwa kalamu nyekundu kama unavyosahihisha ya mwanafunzi asiyekuhusu. Usijipe alama kwa "nilimaanisha hivi". Kama hatua haimo kwenye karatasi, haimo.

Onyo: watu wengi huiruka hatua hii kwa kuona aibu. Mtu ana shahada, halafu apate 58 kwenye mtihani wa Kidato cha Nne? Ndiyo, inawezekana, na ni afadhali uipate 58 hiyo mezani kwako Buhongwa kuliko kwenye chumba cha usaili.

Hatua ya 2: Panga mada katika makundi matatu

Andika mada zote za Kidato cha Kwanza hadi cha Nne kwenye ukurasa mmoja, kuanzia namba na sehemu hadi vekta, matriksi na programu mstari. Pembeni ya kila mada weka moja ya alama hizi:

K – naikokotoa na naweza kuieleza kwa mtoto.
M – naikokotoa, lakini nikiulizwa "kwa nini" nakwama.
S – siikumbuki.

Utashangaa kundi la M lilivyojaa. Ndilo la kuanza nalo. Kundi la S linatisha kwa macho, ila mara nyingi ni mada mbili tatu ambazo jioni moja ya kitabu cha kiada inazirudisha kichwani.

Hatua ya 3: Jenga upya msingi

Hapa ndipo utumie muda mwingi kuliko kwingine kote. Nitachukua mitego michache nionyeshe ninachomaanisha.

*Mpangilio wa matendo.* Tulikaririshwa MAGAZIJUTO shule ya msingi: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Inasaidia, lakini inaficha jambo. Kugawanya na kuzidisha vina cheo kimoja. Kujumlisha na kutoa vivyo hivyo. Vikikutana unakwenda kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa hiyo 12 − 5 + 3 ni 10. Anayefuata MAGAZIJUTO neno kwa neno atajumlisha 5 na 3 kwanza, atoe 8 kwenye 12, aandike 4. Mwalimu anayefundisha kifupisho hicho bila kueleza cheo anawarithisha watoto kosa hili, nao watalibeba hadi Kidato cha Nne.

*Asilimia ya kurudi nyuma.* Mama anauza dagaa Kirumba. Ameuza gunia kwa shilingi 50,000 na kupata faida ya asilimia 25. Alinunua kwa kiasi gani? Jibu linalokimbiliwa ni kutoa asilimia 25 ya 50,000, yaani 12,500, ibaki 37,500. Si sahihi, kwa kuwa faida hukokotolewa juu ya bei ya kununulia. Shilingi 50,000 ni asilimia 125 ya bei hiyo, kwa hiyo bei ni 50,000 × 100 ÷ 125 = 40,000. Hakiki: asilimia 25 ya 40,000 ni 10,000, jumlisha, unapata 50,000. Jizoeshe kuandika huo mstari wa uhakiki hata kama hujaulizwa, maana kwenye karatasi ndefu ndio unaokuokoa.

*Logi za namba ndogo kuliko moja.* Logi ya 3.45 ni 0.5378. Je, ya 0.0345? Ni "ba mbili nukta 5378", yaani −2 + 0.5378. Anayeandika −2.5378 amekosea, kwa sababu kistari cha hasi kinakaa juu ya 2 peke yake. Sasa tafuta kipeuo cha tatu cha 0.0345. Unatakiwa kugawanya kwa 3, na 2 yenye kistari haigawanyiki sawasawa kwa 3. Igeuze: −2 + 0.5378 ni sawa na −3 + 1.5378. Gawanya kwa 3 upate −1 + 0.5126. Rudi kwenye jedwali la kinyume cha logi, jibu ni takribani 0.3255. Kama umeisoma aya hii ukaona giza, usiende hatua ya nne. Rudi Kidato cha Pili ukae huko siku mbili.

Vingine vya kupitia kwa mkono: kujumlisha sehemu zenye asili (namba ya chini) tofauti, milinganyo ya kwadrati kwa kukamilisha mraba, vipeo vya sifuri na hasi, kurahisisha vipeuo, na kubadili vizio. Hiki cha mwisho kinadharauliwa sana. Sentimita za mraba kwenda mita za mraba unagawanya kwa 10,000, si kwa 100.

Hatua ya 4: Mada za Kidato cha Tatu na cha Nne

Hapa tembea haraka kidogo. Mada hizi zina njia zinazorudiarudia: ukishafanya maswali manne ya matriksi au ya mfuatano na mfululizo, la tano linakuwa ndugu yao. Akaunti zisikutishe, ni debiti na krediti na leja iliyosawazishwa.

Mada ninayoiona ikiwasumbua watu ni ya dunia kama tufe, wala si kwa ugumu wake. Mtu hachori mchoro. Chukua mfano wa kwetu: Mwanza ipo nyuzi 2.5 kusini na Kampala nyuzi 0.3 kaskazini, na zote tuzichukulie kuwa kwenye longitudo moja ya nyuzi 33 mashariki. Umbali juu ya uso wa dunia ni upi, nusukipenyo kikiwa kilomita 6,370 na pai 3.14?

Mwanza iko chini ya Ikweta, Kampala iko juu yake. Ukisafiri juu ya ziwa kutoka Mwanza kwenda kule unaivuka Ikweta, kwa hiyo pembe zinajumlishwa: 2.5 + 0.3 = nyuzi 2.8. Umbali ni 2.8 ÷ 360 × 2 × 3.14 × 6,370, takribani kilomita 311. Aliyetoa badala ya kujumlisha anapata nyuzi 2.2 na kilomita 244 na ushei. Mchoro wa duara wenye mstari wa Ikweta katikati unachukua nusu dakika na unamaliza ubishi wote.

Hatua ya 5: Jifunze kulisoma kosa la mwanafunzi

Hiki ndicho kinachotenganisha fundi wa hesabu na mwalimu wa hesabu. Maswali ya aina hii hukupa kazi ya mwanafunzi yenye kosa, ukaambiwa ulitambue, ueleze chanzo chake na useme utamsaidiaje.

Zile taarifa za uchambuzi za Baraza la Mitihani zimejaa mifano. Kwa kila swali zinaonyesha watahiniwa wangapi walifanya vizuri, waliokosa walikosea wapi, tena zinaweka picha ya majibu yenyewe kwa mwandiko wa mtoto. Ufaulu wa Hisabati Kidato cha Nne umekuwa chini miaka nenda rudi. Mwaka 2023 waliofaulu walikuwa kama robo tu ya watahiniwa. Sababu zake zimeandikwa humo swali kwa swali, na hakuna kitabu cha mbinu za kufundishia kitakachokueleza kwa ukaribu namna hiyo.

Fanya hivi. Chukua kosa moja. Kwenye kaunta buku ya pili gawa ukurasa sehemu tatu: alichoandika mtoto, alivyofikiri, nitakachofanya. Mfano:

Mwanafunzi ameandika 2/3 + 1/4 = 3/7.

Jibu dhaifu: "Mwanafunzi hajaelewa kujumlisha sehemu. Nitamfundisha atafute KDS (kigawe kidogo cha shirika)." Hili linaandikwa na kila mtu, na halipati kitu cha maana kwa sababu halionyeshi kwamba umeingia kichwani mwa mtoto.

Jibu lenye mwili: Amejumlisha viasi pamoja na asili pamoja, maana yake anaiona sehemu kama namba mbili zilizopangwa juu na chini, haioni kama kiasi kimoja. Kabla ya kugusa KDS nitamuuliza: 2/3 ni kubwa kuliko nusu au ndogo? Atasema kubwa. Na 3/7? Ndogo kuliko nusu. Sasa, umekuwa na kitu zaidi ya nusu, ukaongezewa, kikapungua? Akishaona mwenyewe kwamba jibu haliwezekani, nitakunja karatasi mbili zinazolingana, moja vipande vitatu na nyingine vinne, aone kwamba vipande havilingani hivyo havihesabiki pamoja. Nitazikunja zote ziwe vipande kumi na viwili: 8/12 na 3/12, jumla 11/12. KDS inakuja hapo, ikiwa na kazi ya kufanya.

Jingine la kila mwaka ni (a + b)² = a² + b². Mpe namba kwanza: a iwe 3, b iwe 4. Upande mmoja 49, mwingine 25. Kisha chora mraba wenye upande a + b, ugawe vipande vinne, aone ile mistatili miwili ya ab aliyoitupa.

Ukikusanya makosa thelathini ya namna hii, utakuwa na hazina ya kukutumikia hata baada ya kuajiriwa.

Hatua ya 6: Ualimu wenyewe

Nadharia usizame. Jua andalio la somo na azimio la kazi vinatofautianaje na uweze kuandika vyote bila kuangalizia. Jua umahiri mkuu na umahiri mahususi kwenye muhtasari mpya. Jua upimaji endelevu na upimaji tamati. Jua jedwali la utahini na namna ya kugawa maswali kwa ngazi za Bloom, yaani ngazi za kufikiri kutoka nyepesi hadi ngumu: zile za 1956 zilizoishia kwenye tathmini, na zilivyopangwa upya 2001 zikaishia kwenye kubuni.

Usichanganye vyombo. Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya 2015, inashughulika na utumishi na nidhamu ya mwalimu wa serikali. Bodi ya Kitaalamu ya Walimu ina sheria yake ya 2018 na inahusu taaluma: usajili na leseni ya kufundisha. Sekretarieti ya Ajira inaendesha usaili. Watu wanaviunganisha vyote vitatu kuwa "Utumishi", kisha wanashangaa kupoteza alama za bure.

Kwenye swali la zana, usiandike projekta. Andika kitu ambacho shule ya Buchosa au Ukara inaweza kuwa nacho. Takwimu? Ziwa lenyewe lipo: eneo la Ziwa Victoria takribani asilimia 51 liko Tanzania, 43 Uganda na 6 Kenya. Kwenye chati ya duara hizo ni nyuzi 183.6, 154.8 na 21.6, jumla 360. Mtoto wa Ukerewe anajua ziwa, kwa hiyo atabishana na wewe kuhusu hizo namba, na ukiona wanabishana ujue somo limeanza.

Suala la lugha: sekondari tunafundisha kwa Kiingereza, kwa hiyo jiandae kuandika na kujieleza kwa Kiingereza, huku maneno ya Kiswahili ukiyajua pia. Mtoto wa Kidato cha Kwanza ametoka shule ya msingi na "kiasi" na "asili" kichwani. Ukiulizwa utamvushaje, uwe na jibu.

Hatua ya 7: Kaa chini ya saa

Wiki mbili za mwisho, kila Jumamosi fanya mtihani mzima. Alama 100 kwa dakika 180 ni karibu dakika 11 kwa swali la alama 6, na dakika 18 kwa la alama 10. Muda ukiisha, acha nafasi, songa mbele. Karatasi ya usaili huenda isifanane na ya Kidato cha Nne; inaweza kuwa ya kuchagua, ya kujaza au ya kueleza, na muda ukawa mfupi zaidi. Mwendo ndio unaoujenga hapa. Kwenye maswali ya kuchagua, kadiria kwanza kabla ya kukokotoa: majibu mawili kati ya manne mara nyingi yanajitoa yenyewe.

Onyo la pili, na hili nalisema kwa hasira. Msimu wa usaili yanaibuka makundi ya simu yanayouza "mtihani wenyewe". Ni utapeli. Utatuma elfu kumi, utapewa karatasi ya zamani iliyobadilishwa tarehe, na anayekuuzia atakufungia. Hiyo elfu kumi nunua rimu ya karatasi za mazoezi, ikibaki toa kopi.

Hatua ya 8: Simama ubaoni

Baada ya maandishi kuna mahojiano, na unaweza kutakiwa kuonyesha kwa vitendo. Usingoje matokeo. Tafuta wenzako wawili watatu, muombe mkuu wa shule iliyo karibu darasa tupu baada ya saa tisa, mpeane zamu za kufundisha dakika kumi kumi. Ukienda mwone kwa adabu: "Shikamoo mwalimu, tuko kwenye maandalizi ya usaili, tunaomba chumba na ubao, chaki tunazo." Ni nadra mtu kukataa.

Anayesikiliza awe mtoto mkorofi: aulize "kwa nini" mara tatu mfululizo. Angalieni pia mwandiko wa ubaoni. Alama za sawasawa zikae moja chini ya nyingine, na usiongee na ubao.

Hatua ya 9: Nyaraka na safari

Vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa, cha Kidato cha Nne, cha Sita kama unacho, hadi cha diploma au shahada. Hati ya matokeo ya muda na karatasi za matokeo za shule hazikubaliwi, na kila msimu kuna mtu anarudishwa mlangoni kwa hilo. Kitambulisho: cha taifa, cha mpiga kura, cha mkazi, leseni au pasipoti. Majina yakitofautiana kati ya cheti kimoja na kingine, hati ya kubadili au kuthibitisha jina iandaliwe mapema kwa wakili na isajiliwe, maana hiyo si kazi ya siku mbili. Aliyesoma nje ya nchi ahakikishe vyeti vimethibitishwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), NACTVET (Baraza la elimu na mafunzo ya ufundi) au Baraza la Mitihani. Ingia kwenye akaunti unakili namba yako ya mtihani, na hakikisha anuani ya makazi ni ya sasa: usaili wa walimu wa mwaka 2025 ulifanyika mikoani, na anuani ndiyo iliyomweka mtu mkoa gani. Chakula, nauli na malazi ni juu yako.

Wa Sengerema na Geita siku hizi mmepumua. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kama kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025. Ile ya kulala upande wa pili mkisubiri kivuko imekwisha. Wa Ukerewe, msije siku ya mtihani. Iwe mnapanda meli kutoka Nansio au mnazunguka kwa kivuko cha Rugezi–Kisorya kisha barabara ya Bunda, ziwa likichafuka hakuna wa kumlaumu. Fikeni siku moja kabla, mlale kwa ndugu. Na wa mjini msijidanganye: ukitokea Nyegezi, foleni ya Mkuyuni asubuhi haijui kwamba una usaili saa moja na nusu. Panda bodaboda mapema, au ondoka alfajiri.

Ukikwama

*Nimekaa mtaani miaka minne, sikumbuki kitu.* Anza na kitabu cha Kidato cha Kwanza, ukurasa wa kwanza, fanya mazoezi yote bila kuchagua. Wiki ya kwanza itauma. Kama kuna mtoto wa jirani wa kufundishwa jioni, mfundishe hata bure. Kumbukumbu hurudi haraka ukimfafanulia mwingine.

*Umeme unakatika, simu haina chaji.* Toa kopi ya mitihani mitano na taarifa moja ya uchambuzi, basi. Maandalizi haya hayahitaji skrini.

*Kikundi chetu kinaishia kuongelea siasa na mpira.* Punguzeni watu. Watatu wanatosha, na kila mmoja aje na swali alilolishindwa, siyo alilolipenda.

*Naelewa nikisoma, nikifanya mwenyewe nakosea.* Hiyo ni dalili ya kusoma majibu yaliyokwisha kutolewa. Funika suluhisho kwa karatasi, andika mstari wako wa kwanza, funua mstari mmoja, linganisha, endelea.

*Nakosea vitu vidogo: alama ya hasi, kunakili vibaya.* Andika kwa herufi kubwa kidogo, mstari mmoja tendo moja. Rudi kwenye mitihani yako mitatu uhesabu makosa hayo yametokea swali la ngapi. Kama yako mwishoni ni uchovu na haraka, kama yako mwanzoni ni woga, hivyo anza na swali jepesi hata kama ni la saba.

*Sikuchaguliwa.* Jioni ile ile andika mada ulizokwama, zikiwa bado mbichi, uzipeleke kundi la M. Aliyefaulu usaili akakosa nafasi huwekwa kwenye kanzidata na anaweza kuitwa baadaye, kwa hiyo usibadilishe namba ya simu wala kuacha kufungua akaunti. Ambaye hakufikia alama aombe tena nafasi zikitangazwa, na asisubiri siku ya mwisho, maana siku hiyo mfumo hulemewa na steshenari zote za mjini zina foleni.